Daktari amesema moyo wa baba "umefeli", na baba yuko barazani anakunywa kahawa. Nielezeni

#1 MwanaAmu_Langoni

Assalam aleikum wadau. Nina swali na nina dukuduku, mnivumilie.

Mzee wangu ana miaka 63. Fundi wa majahazi tangu ujana, mtu wa kubeba ubao begani peke yake. Siku za Maulidi mwaka jana alianza kusimama katikati ya ngazi. Ngazi za nyumba za Amu, yaani Lamu, mnazijua, za mawe, wima. Anapanda vidato sita, anashika ukuta, anajifanya amekumbuka jambo la kutwambia. Tukasema ni uchovu wa kupokea wageni. Halafu miguu ikavimba. Nikibonyeza muundi wake kwa kidole gumba shimo linabaki, kama nimebonyeza andazi bichi. Usiku mto mmoja ukawa miwili, ikawa mitatu, mwisho akawa analala ameketi. Saa nane za usiku anaamka mbio kwenda dirishani kutafuta hewa.

Alilazwa siku tano. Sindano za kutoa maji, akakojoa sana, akarudi nyumbani amepungua kilo tisa na miguu imenywea. Siku ya kutoka, daktari akatwambia amesimama mlangoni, "moyo wake umefeli", akaandika vidonge vya aina nne, akaenda zake. Mama mkubwa alilia kama tuko matangani, na baba mwenyewe ameketi pale anasikia.

Wiki tano zimepita. Juzi uvimbe umerudi.

Sasa: moyo uliofeli unapigaje? Na maji yamerudi kwa nini? Mimi nasema alitolewa mapema.

#2 KijanaWaMaweni

Pole ndugu. Lakini moyo ukifeli ni dakika tano mtu kaenda. Huyo mzee ni figo. Kapimeni figo.

#3 Dafu_la_Gongoni

Naunga mkono #2. Mpeni madafu mawili asubuhi, mawili jioni, na maji mengi. Yatasafisha.

#4 Nesi_Malindi

#3 tafadhali, madafu na maji mengi ASIPEWE. Wenye dawa watakueleza ya madafu. Nimekaa wodi ya watu wazima miaka 26, nimestaafu sasa, na haya nimeyaona kwa macho.

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililowaliza. Kuna mambo matatu watu wanayachanganya. Moyo kusimama: hakuna mapigo, mtu anaanguka, hapo ndipo dakika zinahesabiwa. Mshtuko wa moyo: mshipa unaoulisha moyo wenyewe umeziba, na sehemu ya nyama yake inakufa. La tatu ndilo la mzee wako, moyo kushindwa kufanya kazi ipasavyo. Unapiga, usiku na mchana, ila hausukumi damu inavyotakiwa. Daktari alisema kweli kwa neno baya.

Damu isiyokwenda mbele hurundikana nyuma. Upande wa kushoto ukilemewa, msongamano unakuwa mapafuni na maji yanavujia humo, ndiyo maana akilala chali anahisi anazama na akiketi anapata nafuu. Ile mito umehesabu vizuri sana, daktari yeyote atakuuliza idadi yake. Upande wa kulia ukilemewa, msongamano unarudi mwilini: miguu, tumbo, ini. Juu ya hayo, figo zikiona damu inayozifikia ni kidogo, zinadhani mwili umekauka, zinashikilia chumvi na maji, uvimbe unazidi. Kwa hiyo #2 hukukosea kuzitaja figo. Zipimwe. Ila kwa dalili hizi naona zinaitikia tu, hazikuanzisha.

#5 Nahodha_Mstaafu

Nesi amesema vyema. Nami niseme kwa lugha ya baba yake kijana, fundi ataielewa.

Chombo kikivuja, maji yanajaa ngamani, chini kabisa ya chombo. Mabaharia wanafua, yaani wanayachota na kuyamwaga nje. Wakifua vizuri kinaelea, na ukikitazama kutoka pwani utasema ni kizima. Lakini ubao haujatiwa kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa. Acha kufua usiku mmoja, asubuhi maji yako magotini.

Sasa mwanangu tuambie. Miguu ilipokauka, baba yako aliendelea na vidonge au aliacha?

#6 MwanaAmu_Langoni

Nahodha umenishika pabaya. Nimekwenda kumuuliza sasa hivi. Kile cha maji alikiacha kama siku ya kumi, kwa sababu kilikuwa kinamkimbiza chooni naye yuko kazini Matondoni, pwani, wazi, watu wanamtazama. Na kile cha asubuhi na jioni alikiacha kwa sababu kilimlegeza. Anasema, "Miguu imekauka, nimepona, dawa za nini tena?"

Hakuna aliyetwambia ni za kila siku. Au walisema na sisi hatukusikia kwa kilio cha mama mkubwa.

#7 Mfamasia_Pwani

Andika majina ya hivyo vidonge kama yalivyo kwenye bahasha.

#8 MwanaAmu_Langoni

Lasix 40. Enalaprili. Kavedilolo asubuhi na jioni. Spironolaktoni 25.

#9 Mfamasia_Pwani

Hiyo ni orodha nzuri. Aliyeandika alijua anachokifanya, hata kama alikuwa na haraka.

Nimeupenda mfano wa Nahodha, naomba niutumie. Lasix ndiyo kufua maji. Inaleta nafuu ndani ya saa chache, na bila hiyo mzee angezama, lakini haizibi ubao. Kalafati ni hizo tatu nyingine. Enalaprili ilijaribiwa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 253 waliokuwa hoi kabisa. Matokeo ya 1987 yalionyesha waliopewa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Spironolaktoni ilikuwa ikionekana dawa ya maji tu, mpaka utafiti wa 1999 ulipoonyesha kwamba kipimo kidogo kama hicho cha mzee kilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliozidiwa. Kavedilolo inaupunguzia moyo mbio. Kweli inalegeza wiki za mwanzo, ndiyo maana huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Isiachwe ghafla. Siku hizi kuna ya nne, dapaglifozini, iliyoanza kama dawa ya sukari. Tangu 2019 imejulikana inawasaidia wagonjwa wa moyo hata wasio na sukari. Muulizeni daktari kama inamfaa na kama mfuko unaruhusu.

Aibu ya Matondoni ina dawa yake: saa ya kunywa Lasix inaweza kuhamishwa. Aulize kama anaweza kuinywa akirudi kazini alasiri. Isiwe usiku tu, hatalala.

#3, madafu. Dafu lina potasiamu nyingi. Enalaprili na spironolaktoni zote mbili hufanya mwili uishikilie potasiamu. Ikipanda mno, mapigo yanavurugika na moyo unaweza kusimama, ule wa dakika tano wa #2. Hata ile "chumvi ya wenye presha" ya supamaketi itazame vizuri, nyingi ni potasiamu. Ndiyo maana mgonjwa wa dawa hizi hupimwa damu mara kwa mara, potasiamu na figo.

#10 Dafu_la_Gongoni

Shukran, madafu nimeyafuta. Lakini hili la chumvi silikubali moja kwa moja. Sisi Gongoni tumezungukwa na mashamba ya chumvi, na wazee wetu wako, wamenyooka kama minazi.

#11 Nesi_Malindi

Ndugu yangu, kuishi karibu na chumvi si kuila. MwanaAmu, baba anakula nini?

#12 MwanaAmu_Langoni

Tangu atoke hospitali wali wake unapikwa bila chumvi kabisa, mama ana sufuria yake ndogo ya pembeni. Ila hamu ya kula ilikuwa imekufa, na kitu pekee alichokitaka ni ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Tukawa tunamchomea kipande kila siku, kama kiganja changu. Mara moja moja papa.

#13 BintiWaFaza

😂 Mmemnyima chumvi ya kijiko mkampa ya gunia!

Nacheka lakini nawaonea huruma, kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Bibi alikuwa hatii chumvi mchuzini, anatia vile vipande vya supu vya pakiti.

#14 Nesi_Malindi

Hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyojificha kwenye mkate, achari, bajia na samaki mkavu. Ng'onda huyo alitiwa chumvi ndipo akaanikwa. Hata mkimroweka, haitoki yote.

Mpeni samaki mbichi, kisiwa kizima kimezungukwa na samaki. Ndimu, kitunguu thaumu, bizari, tangawizi, tui jepesi. Wiki mbili za kwanza atanung'unika, kisha ulimi unazoea.

#15 Shela_Mchanga

Mmesahau mai. Visima vya mui wa kale, vingine mai yake yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Sisi Shela tuna mai matamu kwa sababu ya vilima vya mchanga. Mzee anakunywa mai ya wapi?

#16 KijanaWaMaweni

"Mai" 😄 Watu wa Amu mkianza.

#17 Nahodha_Mstaafu

Mai ni mai, kijana. Uje ukae mwezi, nawe utasema hivyo hivyo.

#18 MwanaAmu_Langoni

Shela, ya kunywa tunanunua. Ya kupikia ni ya kisima. Sijawahi kulifikiria hilo.

#19 UmmuWawili

Nimesoma tangu #1 na machozi yananitoka, kwa sababu nilidhani ni ugonjwa wa wazee mpaka uliponipata mimi nikiwa na miaka 29.

Nilijifungua mtoto wa pili hapa Malindi, salama, kwa njia ya kawaida. Wiki ya tatu nikaanza kukohoa nikilala. Nikinyonyesha usiku nahema kama nimekimbia. Miguu ikawa minene, wakwe wakafurahi, wanasema uzazi umenikubali, nimenenepa. Nimo ndani ya arobaini, uji wa pilipili manga na supu havikatiki. Nikisema nachoka naambiwa kila mzazi anachoka. Usiku mmoja sikuweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Mume wangu akaita tuktuk.

Waliponipiga picha ya moyo walisema moyo umepanuka kwa sababu ya uzazi. Unaweza kumpata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, hata kama hajawahi kuugua moyo. Nilitumia dawa kama hizo za mzee, moyo wangu ukarudi polepole, na baada ya mwaka na nusu picha ilikuwa karibu na ya kawaida. Niliambiwa nisishike mimba nyingine bila kuongea na daktari wa moyo kwanza, kwa kuwa unaweza kurudi, na kwamba enalaprili haifai kabisa mimba ikiwamo.

Dada zangu mlio kwenye arobaini, mkihema mkilala chali msikubali kuambiwa ni uchovu wa uzazi.

#20 BintiWaFaza

Mungu akuzidishie afya. Namtumia dada yangu uzi huu sasa hivi.

#21 Mpwa_wa_Siyu

Nami niongeze. Binamu yangu ana miaka 19, valvu yake, ule mlango wa damu ndani ya moyo, ilianza kuharibika utotoni. Alikuwa akiugua koo kila mara, haendi hospitali, anasukutua maji ya chumvi basi. Kisha magoti yakavimba kwa zamu, leo hili, kesho lile. Wakasema baridi. Kumbe vijidudu vya koo visipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kugeuka ikashambulia moyo, na valvu inabaki na makovu. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, na mpaka leo kila wiki nne anachomwa sindano ya pensilini.

MwanaAmu, muulize bibi kama baba aliugua koo na viungo akiwa mdogo.

#22 MwanaAmu_Langoni

Bibi hayuko hai, Mungu amrehemu. Baba anasema utotoni alilazwa ndani mwezi mzima "kwa safura". Anakumbuka kuvimba uso na kuwa mweupe. Zaidi ya hapo hajui.

#23 Nahodha_Mstaafu

Safura! Basi jibu ndilo hilo. Wazee walisema safura haiishi, inajificha.

#24 Mwanafunzi_Tabibu

Sheikh, kwa heshima zote. Safura waliyoijua wazee mara nyingi ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu mpaka mtu anaishiwa, anavimba na kuwa mweupe. Upungufu mkubwa wa damu unaweza kweli kuulemea moyo, lakini ukitibiwa moyo hupata nafuu. Kujificha miaka 55 kisha kutokea siku za Maulidi, hilo mimi sijalisoma popote.

Mimi naweka dau langu kwenye presha. Kuna utafiti uliochapishwa 2012, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa ghafla katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Valvu za aina ya binamu wa #21 zilikuwa kama asilimia 14. Mishipa ya moyo kuziba, ambayo Ulaya ndiyo inayoongoza, ilikuwa chini ya 10. Presha ya mzee ilikuwa ngapi kabla ya haya?

#25 MwanaAmu_Langoni

Hajawahi kupimwa maishani mwake. Hospitali ilikuwa 170 kwa 105.

#26 Mwanafunzi_Tabibu

Ndiyo hiyo. Presha ya miaka mingi inaufanya moyo usukume dhidi ya mlango mzito. Kuta zinanenepa, mwisho zinachoka na kutanuka.

#27 Mpwa_wa_Siyu

Presha siku ya kulazwa si ushahidi tosha. Mtu anayekosa pumzi presha yake inapanda tu.

#28 KijanaWaMaweni

Mimi nitaje lisilotajwa. Ami yangu wa hapa Maweni, moyo wake ulikwenda mbio mpaka akalazwa, naye kila usiku alikuwa anatafuna mogoka, ile aina ya miraa, hana presha wala sukari. Kaunti ya Kilifi ilipotangaza marufuku 2024 watu walipiga kelele za biashara, mimi nikamfikiria ami. Fundi anayeamka alfajiri, anakesha kazini, hatafuni?

#29 MwanaAmu_Langoni

Baba hatafuni, havuti, hanywi. Kahawa tu, na tambuu siku za harusi.

#30 BintiWaFaza

Maweni, wewe ndiye utuambie kama umeacha.

#31 KijanaWaMaweni

Nimeacha tangu ami alazwe. Wallahi.

#32 Mfamasia_Pwani

Swali langu moja, na nataka jibu la kweli. Fundi wa miaka 63 ana magoti. Anayatibu kwa dawa gani?

#33 MwanaAmu_Langoni

Nimefungua droo yake. Kuna karatasi tatu za diklofenaki, moja imebaki vidonge viwili. Anasema alianza tena wiki mbili zilizopita. Za kununua dukani tu.

#34 Mfamasia_Pwani

Mimi nakaa hapo hapo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinafanya figo zishike chumvi na maji, zinapandisha presha, na zinapigana na Lasix na enalaprili. Kwa mgonjwa wa moyo ni sumu ya polepole. Wiki mbili zinatosha kabisa kumrudisha wodini. Maumivu yakimzidi atumie panadoli ya vidonge vya kumeza, ile ya kuyeyusha majini ina chumvi nyingi, na amwone daktari kwa goti lenyewe.

#35 Nesi_Malindi

Mimi bado nasema ng'onda.

#36 Nahodha_Mstaafu

Nami nasema aliacha kufua.

#37 Ustadh_Mkomani

Assalam aleikum. Mama mkubwa wa kijana alinijia jana, hakujua kama nasoma huku, kwa hiyo sitasema zaidi ya alilonipa ruhusa. Anaona ni hasadi, kwa sababu mzee alimaliza jahazi kubwa mwaka jana na watu walilisifu sana.

Hasadi ipo, tumefundishwa kujikinga nayo. Lakini sijaona mahali tulipofundishwa kuacha vidonge kwa ajili yake. Nimemwandikia kombe, yaani aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji ya kunywa, na kwa kuwa nimesoma maneno ya Nesi, nimemwambia anywe vijiko viwili tu, si kikombe kizima mara tatu kama ilivyo desturi. Baraka haipimwi kwa wingi wa maji.

#38 Nesi_Malindi

Ustadh, Mungu akulipe. Wagonjwa wengi wa moyo huwekewa kiwango cha lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, chai, supu na kombe vyote ndani, na husahau kuhesabu.

#39 Shela_Mchanga

Ustadh, na Ramadhani je? Mzee hatakubali kula mchana, namjua.

#40 Ustadh_Mkomani

Aya za 184 na 185 za Sura Al-Baqara zimempa mgonjwa nafasi wazi. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuisha analisha masikini. Lakini kama ni wa kufunga au la, aseme daktari kwanza, kisha sisi.

#41 Nesi_Malindi

Aende kiliniki wiki kadhaa kabla, si siku ya kuandama mwezi. Walio imara, wengine hupangiwa dawa za futari na daku. Waliolazwa juzi juzi kama mzee, mara nyingi hukatazwa. Na anayefunga, hatari nyingine iko mezani magharibi: sambusa, bajia, na jagi zima la maji kwa mkupuo.

#42 MwanaAmu_Langoni

Nimerudi. Alirudishwa hospitali Jumatatu, siku mbili tu, wakaongeza Lasix na kurudisha zile nyingine kidogo kidogo. Safari hii nesi mmoja alikaa na mimi akanionyesha cha kufanya: kumpima uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, kwa nguo nyepesi, na kuandika. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu nisingoje uvimbe, nimpigie.

Mizani nyumbani hatuna. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alfajiri tunashuka mpaka kwa muuza samaki mmoja, mwenye mizani ya kupimia magunia. Anaifuta kwa gunia kavu, baba anavua makubadhi, anapanda na kikoi chake, tunaandika kwenye daftari la hesabu za mbao. 71. 71. 70 na nusu. 71. Wavuvi wamezoea, wanauliza, "Fundi, leo kilo ngapi?" Naye anawajibu kama anataja bei ya samaki.

Jana tumekwenda Mombasa kwa ile picha ya moyo, eko. Wamesema moyo umepanuka na unasukuma asilimia 30. Mama mkubwa ameanza tena kulia, anasema baba amebakiwa na theluthi moja ya moyo.

#43 Mwanafunzi_Tabibu

Mwambie asilie kwa hesabu hiyo! Hakuna moyo unaosukuma asilimia 100. Wangu na wako, kila pigo, unatoa kama 55 mpaka 70 ya damu iliyomo, inayobaki inangoja pigo la pili. Kwa hiyo 30 ipimwe dhidi ya 60. Ni chini, 40 kushuka ndiyo huitwa dhaifu, lakini si theluthi ya moyo. Na kwa dawa kamili wengine hupanda. Msome UmmuWawili.

#44 UmmuWawili

Mimi nilianza na 25.

#45 MwanaAmu_Langoni

Nimemsomea mama mkubwa hiyo "25" mara mbili. Amenyamaza, ameuliza mtoto wako ana umri gani sasa.

#46 UmmuWawili

Ana miaka minne, na hanipi nafasi ya kuketi. Msalimie sana mama.

#47 Mpwa_wa_Siyu

Valvu walisemaje?

#48 MwanaAmu_Langoni

Moja inavuja. Daktari wa picha alisema huenda ni kwa sababu moyo umetanuka ukaivuta, na huenda ilikuwa mbovu tangu zamani. Chanzo akaandika presha, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

#49 Mwanafunzi_Tabibu

Presha. Nilisema.

#50 Mpwa_wa_Siyu

Yenye alama ya kuuliza.

#51 Nahodha_Mstaafu

Vyovyote. Kijana, yule bwana wa mizani anafungua saa ngapi? Mimi pia nimeanza kulala na mito miwili tangu mwezi uliopita, sikutaka kusema.

#52 MwanaAmu_Langoni

Saa kumi na moja na nusu, mzee. Lakini usianze na mizani, anza na hospitali. Nakuja kukuchukua kesho asubuhi, niambie uko upande gani wa mtaa.